Dar es Salaam Ilivyojifunza Kuchana

Rap iliingia Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1980 ikiwa ndani ya mabegi ya wasafiri. Tanzania Bara haikuwa na televisheni wakati huo, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970, na redio ilikuwa moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa muziki wa dansi, taarab, kwaya na nyimbo za kujenga taifa. Kijana aliyetaka kusikia rap ya New York ilibidi awe na ndugu ughaibuni, au jirani mwenye baba baharia, au rafiki anayesoma nje ambaye akirudi likizo huja na kanda. Kanda moja ilinakiliwa, nakala ikanakiliwa tena, hadi sauti ikawa ya kukwaruza kama imerekodiwa ndani ya pipa. Pamoja na kanda zilikuja video, zikiwamo filamu za mwaka 1984 za Breakin' na Beat Street, ambazo zilifundisha vijana wa mjini kucheza kwa kuzunguka sakafuni kabla hawajajua kwamba uchezaji ule una muziki wake na maneno yake.

Uchumi nao ulichangia. Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa, na baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, katika utawala wa Rais Ali Hassan Mwinyi aliyebandikwa jina la Mzee Ruksa, maduka ya Kariakoo yakaanza kujaa redio kaseti, kanda tupu, jinzi na raba. Bila redio kaseti za bei nafuu rap ingebaki kuwa starehe ya nyumba chache za Oysterbay.

Kwa miaka ya mwanzo ilikuwa hivyo hasa. Wachanaji wa kwanza walitoka Upanga, Oysterbay na maeneo mengine yenye nafasi, wengi wao wakiwa watoto wa watumishi wa serikali, wafanyabiashara na wanadiplomasia, na walichana kwa Kiingereza. Walivaa kofia na suruali pana kama walivyoona kwenye video, walijipa majina ya Kimarekani, na walishindana kwenye disko za mchana na matamasha ya shule. Kwa wazazi wengi huo ulikuwa uhuni tu. Kwa kijana wa Temeke au Manzese ulikuwa mchezo wa wenye nazo, na hakukosea sana.

Mlango wa Kiswahili ulifunguliwa na Saleh Jabir, aliyejulikana kama Saleh J. Aliuchukua wimbo wa Ice Ice Baby wa Vanilla Ice, uliokuwa umetamba dunia nzima mwaka 1990, akauacha mdundo wake kama ulivyo na kuuwekea maneno ya Kiswahili. Aliibuka mshindi wa shindano la Yo Rap Bonanza, na kanda yake ya mwaka 1991 ikauzwa na kunakiliwa kote mjini. Kisanii haikuwa kazi ya kujivunia sana, kwa kuwa mdundo ulikuwa wa kuazima na mitindo ya kuazima. Lakini ilithibitisha jambo ambalo wengi walilibishia, kwamba Kiswahili kinaweza kukaa juu ya mdundo wa rap bila kuteleza, na kwamba msikilizaji asiyejua Kiingereza anaweza kucheka mahali pa kucheka.

Mwaka 1993 makundi madogo ya mjini yaliungana na kuzaa Kwanza Unit. Humo walikuwamo Rhymson, ambaye baadaye alijulikana zaidi kama Zavara Mponjika, na KBC. Hawa waliichukulia rap kuwa zaidi ya burudani. Walitaka wapenzi wake wawe kama taifa, wenye mwenendo wao na fahari ya Uafrika, na albamu yao ya Kwanzanians ilibeba wazo hilo kwenye jina lenyewe. Walianza kwa Kiingereza, kisha wakazidi kuelekea Kiswahili kadiri miaka ilivyosonga. Kundi jingine la wakati huo, The Deplowmatz, nalo lilianzia kwenye Kiingereza na mmoja wa wasanii wake, Saigon, akaja kuwa mchanaji mahiri wa Kiswahili. Anayetaka kujua kwa nini wachanaji wa Dar hadi leo hujadiliana kwa ukali kuhusu hiphopu ya kweli na ya uongo, chanzo chake kikubwa kiko kwa Kwanza Unit.

Kilichobadilisha mambo kuliko shindano lolote ni sheria. Mwaka 1993 Bunge lilipitisha sheria ya utangazaji iliyoruhusu vituo binafsi, na mwaka uliofuata Radio One na televisheni ya ITV zikawa hewani. Vijana kama Taji Liundi na Mike Mhagama wakapata kipaza sauti. Kipindi cha DJ Show cha Radio One kikawa ndiyo mahakama ya rap: wimbo uliopigwa pale ulikuwa umezaliwa, ambao haukupigwa ulibaki geto. Mhagama ndiye anayetajwa kwamba, katika mwaka 1996, alianza kuuita muziki huu wa vijana wa nyumbani Bongo Flava ili kuutenganisha na ule wa Marekani aliokuwa akiupiga katika kipindi hichohicho. Mwishoni mwa muongo huo ikaingia Clouds FM, iliyotokana na disko la Clouds la Joseph Kusaga. Kituo hicho, kikiwa na Ruge Mutahaba katika uongozi wake, kikawa na nguvu ya kumpandisha msanii na, kwa malalamiko ya baadhi yao, ya kumshusha.

Redio binafsi zilihitaji nyimbo, na aliyekuwa tayari ni kijana aliyekulia Mbeya, Joseph Mbilinyi, wakati huo akiitwa 2 Proud, baadaye Mr. II, na mwishowe Sugu. Albamu yake ya Ni Mimi ilitoka 1995, Ndani ya Bongo ikafuata 1996, na mwaka 1998 ikaja Niite Mr. II, yenye wimbo wa Hali Halisi. Sugu hakuwa na ufundi mkubwa wa vina. Nguvu yake ilikuwa kusema wazi: njaa, ajira, polisi, wanasiasa, maisha ya kijana asiye na mtu wa kumshika mkono. Alichana polepole, kwa sauti nzito, kama mtu anayezungumza kijiweni na hataki kukatishwa. Kondakta wa daladala alimwelewa, na abiria pia. Kabla yake rap ilisifiwa kwa kufanana na ya Marekani, ila baada yake ilianza kupimwa kwa kile inachokisema kuhusu maisha ya hapa.

Hapo ndipo lugha yenyewe ilipoanza kudai haki yake. Kiswahili kina urithi mrefu wa ushairi wa vina na mizani. Shairi la kawaida la tarbia lina mizani 16 kwa kila mshororo, nane kila upande, na vina viwili, cha kati na cha mwisho. Watanzania waliokwenda shule walifundishwa hivyo darasani, na mashairi ya namna hiyo yaliendelea kuchapishwa magazetini na kughaniwa redioni. Mchanaji naye hupanga mstari wake juu ya mapigo manne ya mdundo, lakini habanwi na hesabu ya mizani: anaweza kubana silabi ishirini mahali pamoja na kuweka sita mahali pengine, mradi mkazo uangukie kwenye pigo.

Ugumu wake uko mahali ambapo mtu hatarajii. Takriban maneno yote ya Kiswahili huishia kwa irabu, na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo kupata kina ni rahisi mno. "Mezani" na "kazini" zinalingana kwa silabi ya mwisho tu, na yeyote anaweza kuzipanga kwa kuongeza "-ni" kwenye nomino. "Mezani" na "mizani" zinalingana kwa silabi mbili, ikiwamo ile yenye mkazo, na sikio husikia tofauti mara moja. Wachanaji wa Dar waligundua mapema kwamba kina cha silabi moja hakimpi mtu sifa, wakaanza kutafuta cha silabi mbili na tatu, kisha vina vya ndani ya mstari. Fid Q, aliyetoka Mwanza akafanyia kazi Dar, aliita albamu yake Vina Mwanzo, Kati na Mwisho, jina ambalo mwalimu wa fasihi angeweza kulitumia kama kichwa cha somo. Wachanaji wa aina yake ni malenga waliokosa safu ya gazeti, hata kama malenga wenyewe hawakupenda kulikubali jambo hilo.

Muziki nao ulihitaji mafundi. Mwanzoni wasanii walichana juu ya midundo ya Wamarekani iliyokuwa upande wa pili wa kanda na santuri, isiyo na maneno. Bendi za dansi zilikuwa na vyombo na studio ya Radio Tanzania, lakini studio ile haikujengwa kwa ajili ya vijana watatu na kinanda. Bonny Luv wa Mawingu Studio, Master Jay wa MJ, Mika Mwamba aliyetoka Finland, na P-Funk, mtoto wa mama Mtanzania na baba Mholanzi aliyeanzisha Bongo Records, ndio waliojaza pengo hilo. Vifaa vilikuwa vichache: kompyuta, kinanda, kinasa sauti, chumba kilichozibwa ili kelele zisiingie. Prodyuza alitengeneza biti peke yake, msanii akaingia kibandani na daftari lake, akarudia ubeti hadi ukakaa. Wimbo uliotengenezwa hivyo uligharimu sehemu ndogo tu ya gharama ya kurekodi bendi yenye watu kumi na wawili, na hiyo ndiyo sababu ya wazi kabisa ya vijana wa Dar kuiacha gitaa na kushika kinasa. P-Funk, anayeitwa pia Majani, alikwenda mbali zaidi kwa kutia humo ladha ambayo sikio la uswahilini liliitambua: ngoma nzito, kinanda chenye huzuni kidogo, na nafasi ya kutosha kwa sauti ya mchanaji.

Matunda yake yalionekana mwaka 2000, Hard Blasters walipotoa albamu ya Funga Kazi. Wimbo wake wa Chemsha Bongo uliwaingia hata watu wazima, kwa kuwa uliwaasa vijana kwa namna ambayo mzee yeyote angeikubali, ukitumia maneno yao wenyewe. Mmoja wa wachanaji wa kundi hilo, Nigga J, akabadili jina na kuwa Professor Jay, na mwaka 2001 akatoa Machozi, Jasho na Damu. Humo mlikuwamo Ndio Mzee, igizo la mgombea anayemwaga ahadi zisizowezekana huku umati ukimwitikia. Ilipigwa harusini, ilipigwa kwenye mikutano, na wanasiasa wenyewe waliicheka. Hapo rap iliacha kuwa muziki wa watoto wa mjini na ikawa muziki wa taifa.

Wakati huohuo kitovu chake kilihama kutoka Upanga kuvuka upande wa pili wa Kariakoo hadi Temeke. Gangwe Mobb, yaani Inspekta Haroun na Luteni Karama, walileta lugha ya vijiwe vya huko bila kuisafisha. Wimbo wao wa Ngangari ulitamba katika kipindi ambacho neno hilo lilikuwa pia kwenye jukwaa la siasa: wafuasi wa chama cha CUF walijiita ngangari, na Mkuu wa Jeshi la Polisi, Omar Mahita, akajibu kwamba polisi wao ni ngunguri. Kisha akaja Juma Nature. Alikuwa na sauti ya mwitikio wa ngoma kuliko ya kuchana, alichanganya kuimba, kughani na utani katika ubeti mmoja, na nyimbo zake kama Sitaki Demu na Ugali zilihusu mambo ambayo rap ya mwanzo iliyaonea aibu: mfuko mtupu, chakula, kupanga chumba kimoja. Kundi lake la TMK Wanaume, chini ya meneja Said Fella, lilijaza viwanja kwa uchezaji wao wa mapanga. Lilipogawanyika mwaka 2006 kuwa Wanaume Halisi, upande wa Nature, na Wanaume Family, upande wa Chegge na Mheshimiwa Temba, mashabiki waligawanyika kama wa Simba na Yanga.

Upanga haikukubali kushindwa. King Crazy GK, AY na Mwana FA walijiita East Coast Team, wakajenga sura ya vijana nadhifu wenye mipango, na bifu lao na Temeke likauza magazeti ya burudani kwa miaka kadhaa. Bifu hilo lilikuwa na maana zaidi ya majivuno. Lilikuwa ubishani wa nani ana haki ya kuisemea Dar es Salaam: mwenye shule na Kiingereza kidogo, au mwenye shida na lugha ya mtaa. Kwa ubora wa tungo pande zote zilikuwa na haki, ila kwa wingi wa wasikilizaji Temeke ilishinda.

Wanawake walipewa nafasi finyu. Zay B na Sister P walishindana mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mara nyingi waliulizwa zaidi kuhusu ugomvi wao kuliko mashairi yao. Witness alitokea katika kundi la Wakilisha pamoja na Langa na Shaa, baada ya shindano la Coca-Cola Popstars la mwaka 2004. Rosa Ree, aliyejulikana katika nusu ya pili ya miaka ya 2010, alithibitisha kwamba kasi na ukali wa kuchana havina jinsia, lakini idadi ya waliomfuata bado ni ndogo.

Dar iliwavuta pia watu wa mikoa. Albert Mangweha, Ngwair, alikuja na Chamber Squad kutoka Dodoma, akawa pengine mwepesi kuliko wote katika mitindo huru, akitunga papo kwa papo kana kwamba anasoma mahali. Alifariki Afrika Kusini tarehe 28 Mei 2013 na kuzikwa Morogoro. Joh Makini alishuka kutoka Arusha, Roma Mkatoliki kutoka Tanga. Afande Sele wa Morogoro alibaki kwao, akatwaa taji la Mfalme wa Rhymes mwaka 2004.

Ukali wa maneno haukuwa bila gharama. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo wa Wapo, kisha serikali ikatangaza kwamba Rais John Magufuli ameagiza uruhusiwe kupigwa. Aprili mwaka huohuo Roma alichukuliwa na watu wasiojulikana kutoka studio ya Tongwe Records, akapatikana siku chache baadaye. Sugu na Professor Jay wao waliingia siasa moja kwa moja kupitia chama cha CHADEMA: Sugu alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020, na mwaka 2018 alifungwa kwa maneno aliyoyasema jukwaani kuhusu Rais, akatoka mwezi Mei; Jay alikuwa mbunge wa Mikumi kuanzia 2015 hadi 2020. Mtunzi wa Ndio Mzee alilazimika kusimama mbele ya wapiga kura na kuahidi.

Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 Bongo Flava ilielekea zaidi kwenye kuimba, na redio zikafuata. Rap ngumu ikarudi vilingeni. Kundi la Tamaduni Muzik, lenye Nikki Mbishi, One the Incredible na prodyuza Duke, lilikusanya wapenzi Msasani katika mikutano iliyoitwa Kilinge, ambako mtu alipanda, akachana na kushuka, na umati ukahukumu bila huruma. Nash MC wa Temeke alichagua Kiswahili kisichochanganywa na akaipa kazi yake moja jina la Mzimu wa Shaaban Robert. Upande mwingine wa jiji, Manzese, Tandale na Mburahati, vijana waliichukua kasi ya muziki wa mchiriku wakaiongeza maradufu na kuchana juu yake kwenye sherehe za mtaani za vigodoro. Hiyo ndiyo singeli. Studio ya Sisso ya Mburahati ilijulikana nje mwaka 2017 kupitia mkusanyiko wa Sounds of Sisso uliotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Wachanaji wa zamani wengi hawaihesabu kuwa hiphopu. Hata hivyo kijana wa Tandale mwenye kipaza sauti, anayewataja rafiki zake na mtaa wake kwa kasi isiyoruhusu pumzi, anafanya kazi ileile iliyofanywa na vijana wa New York mwaka 1980.

Suala ambalo halikupata ufumbuzi kwa muda mrefu ni fedha. Wakati wa kanda, msanii alipeleka kazi iliyokamilika kwa msambazaji wa Kariakoo, ambaye alichapa karatasi za jalada, akanakili na kusambaza mikoani. Msanii alilipwa kiasi cha mkupuo au kwa idadi ya nakala alizoambiwa zimeuzwa, na hakuwa na njia ya kuhesabu. Nakala za bandia ziliuzwa meza ya jirani. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ilileta COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, lakini kwa miaka mingi vituo vya redio vilipiga nyimbo bila kulipa chochote. Kisha kanda zikafa, zikaja simu, na tatizo likahamia humo.

Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni moja ya simu iwalipe AY na Mwana FA zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kuzitumia nyimbo zao mbili, Usije Mjini na Dakika Moja, kama miito ya simu bila mkataba nao. Hukumu hiyo iliwafanya wasanii wengi watafute mikataba yao ya zamani na kuisoma upya. Mwana FA, kwa jina lake Hamis Mwinjuma, alichaguliwa kuwa mbunge wa Muheza kwa tiketi ya CCM mwaka 2020, na mwaka 2023 akateuliwa kuwa Naibu Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Michezo, wizara ambayo COSOTA ilikuwa chini yake.